Dawa ya magugu, iwahi masika

Ndugu, umeuliza kwa nini ukoka wako hapo Malindi umejaa magugu ilhali ulipiga pendimethalini, dawa ya kuzuia magugu yasiote, mwezi Mei. Ulichelewa. Dawa hiyo huua mche unapochipua tu. Gugu lililokwisha toa majani hailiwezi. Piga katikati ya Machi, masika hayajashika, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, kisha mwagilia lita 12 hivi kwa kila mita ya mraba iingie udongoni. Usisubiri mvua ikufanyie kazi hiyo: ikija kubwa huikokota pamoja na mchanga. Ukishapiga, usipitishe reki. Palipopandikizwa ukoka mpya paache kabisa, maana huzuia mizizi kushika.

Gugu la ndago ni shauri jingine. Huota kutoka kwenye vijiazi vyake, kwa hiyo chimbua hadi ukitoe kile cheusi cha chini.