Kombe linajuaje umri wa jiwe?

SWALI: Mnasema jiwe fulani lina miaka milioni 180 kwa sababu limekutwa na kombe la aina fulani, nikiuliza umri wa kombe mmeujuaje naambiwa limetoka kwenye jiwe la miaka hiyo. Si tunazungushana tu? Na kwa nini msipime kombe lenyewe kwa kaboni?

JIBU: Ingekuwa hivyo kweli ungekuwa umetukamata. Ila kombe halikupi miaka, linakupa mpangilio, yaani nani katangulia nani kafuata. Miaka ya 1790 William Smith, mpima ardhi wa Uingereza, alikuwa kwenye kazi ya kuchimba mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe, akaona kila tabaka lina visukuku vyake (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) na mfuatano ni uleule kila anakokwenda, mpaka 1815 akatoa ramani nzima ya miamba na hapo hakuna aliyejua tabaka hata moja lina miaka mingapi! Alitazama tu lipi liko chini lipi liko juu.

Namba zilikuja baadaye sana, tena kutoka kwenye volkano. Majivu yakiangukia baharini yanaacha utepe mwembamba katikati ya mashapo, na humo mna vipunje vya madini yaitwayo zirkoni vyenye urani ambayo inageuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Ukipata majivu chini ya amonaiti, mnyama wa baharini wa gamba la kujiviringa, na mengine juu yake, ushambana katikati, na ukimkuta yuleyule sehemu isiyo na majivu unaazima umri huo. Kaboni sahau, ile yenye mionzi inayopimwa ikifika miaka kama 50,000 imeisha.

Halafu si kila kombe linafaa. Amonaiti, aliyetoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, ni mzuri kwa sababu alienea bahari nyingi na aina zake zilipokezana harakaharaka. Lingula, mnyama mdogo wa baharini mwenye gamba la pande mbili, kwa umri ni hovyo kabisa, gamba lake limebaki karibu vilevile mamilioni kwa mamilioni ya miaka.

Mi napenda zaidi kuangalia kombe limelalaje. Kombe la pande mbili likifa misuli inalegea linafunguka, kwa hiyo ukilikuta limefumba ujue lilifukiwa upesi, pengine likiwa hai. Ukikuta pande mojamoja zimelala kifudifudi, mgongo juu, hapo palipita mkondo wa maji ukazigeuza.

Na angalia kama limesagika kingo, au tope lililojaa ndani si la rangi ya jiwe lililolizunguka. Hilo ni mgeni, limebanduka kwenye tabaka la zamani likaletwa hapo, so jiwe lako ni changa kuliko kombe, changa kiasi gani tafuta kombe lingine.