Kulala Kilimanjaro: godoro la hewa au la sponji?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi na wenzangu wa ofisini hapa Dar tunapanda Kilimanjaro mwezi wa tisa kwa njia ya Machame. Nina kilo 85, huwa nalala ubavu, na nikilala pagumu nyonga inaniuma asubuhi. Dukani nimeoneshwa magodoro mawili: la sponji la kukunja, unene sentimita 2, na la kujaza hewa, sentimita 8, bei yake zaidi ya mara tatu. Begi la kulalia ninalo, limeandikwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Nichukue tu la hewa?

JIBU: Salama, dada. Kwa nyonga yako ndiyo, la hewa. Ukilala ubavu, uzito wote unabebwa na bega na nyonga, na sponji ya sentimita 2 itabonyea mpaka uyahisi mawe. Ila usilipe kabla hujaisoma namba ya R kwenye lebo. Hiyo ndiyo inayoonesha godoro linazuia baridi kiasi gani, na unene pekee hauleti joto.

Usiku mlimani, ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Begi la kulalia linakupasha kwa hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi zake, na upande ulioulalia umeshakandamizwa, hewa imetoka. Hata hizo nyuzi 10 chini ya sifuri, maabara huzipima begi likiwa juu ya godoro linalozuia baridi. Litandike juu ya godoro dhaifu, utatetemeka hata kabla ya kufika nyuzi hizo.

Godoro la hewa lisilo na kitu kingine ndani ila hewa ni baya sana kwa hili, kwa sababu hewa inazunguka humo na kulipeleka joto lako chini. Yapo manene vilevile ambayo R yake haifiki hata 1. Hayo ni ya ufukweni. Mengine yana matabaka yanayong'aa au nyuzi ndani, yanafika 4 na kuendelea. Kwa nje yanafanana kabisa. Tafuta namba iliyopimwa kwa kiwango cha ASTM F3340 cha mwaka 2018, maana zamani kila kiwanda kilijipimia kivyake.

Kambi yenu ya kwanza iko karibu mita 3,000, lakini kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, ni zaidi ya mita 4,600. Kwa usiku wa huko juu nashauri R isipungue 4. Uzuri ni kwamba namba hizi zinajumlishwa: la hewa lenye 3 juu ya sponji yenye 2 linakupa 5. Mimi ningekuchagulia yote mawili, sponji chini, hewa juu. Barafu ni mawe matupu. Sponji inalikinga la hewa lisitoboke, na likipata pancha usiku wa manane hulali juu ya ardhi tupu. Huna haja ya kuinunua. Uliza kampuni inayowapandisha, wengi wanayo, la sivyo kodi Moshi. Kwa mpagazi, ambaye kikomo cha mzigo wake ni kilo 20, ni nyongeza ya chini ya nusu kilo.

Usikate sponji ya godoro la nyumbani, tafadhali. Ile inanyonya maji, na Machame mvua haiombi ruhusa.

Upana nao uangalie. Mengi yana sentimita 51. Wewe unayekunja magoti chukua la 63 hivi.

Jioni ukilijaza kwa kupuliza, hewa ya mapafuni ina joto. Hema likipoa mpaka sifuri, hewa hiyo inasinyaa karibu sehemu moja ya kumi na godoro linalegea, watu wanadhani limetoboka. Ongeza pumzi mbili tatu kabla ya kulala. Kisha lala ubavu, fungua valvu kidogo kidogo mpaka nyonga izame bila kugusa chini. Likijazwa likawa gumu kama ubao, bega litauma tu.

Kabla ya safari, lijaze sebuleni, weka mzigo juu, liache mpaka asubuhi. Likilegea wakati joto la chumba halijabadilika, pitisha maji ya sabuni kwenye mishono na kwenye valvu. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mshono ukivuja, lirudishe dukani usihangaike na kiraka.