Muulize Mwalimu: Bahari ya nini kwa mtu wa ziwani?

Mwezi uliopita niligusia bahari kwa mistari michache tu, na simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Nimechagua maswali manane. Ninyi mnaotafuta kazi melini, mimi si wakala, na yeyote anayewadai pesa ya "usajili" ili awapatie meli ni mwizi.

Mwalimu, hujambo. Mimi niko Lanet, Nakuru. Kila mara nasikia wakubwa wamepanda ndege kwenda mkutano wa bahari. Bahari yenyewe iko Mombasa. Sisi wa huku inatuhusu nini?

Sijambo. Swali hili huniletwa kila mwezi na mtu mwingine, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, mlikate mlibandike ukutani.

Chukua vuli ya 2019. Oktoba mpaka Desemba mwaka ule mvua haikunyesha, ilimwagwa. Wapo waliosema ni laana. Kumbe upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huu wetu, maji yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, na upande wa mashariki, kule Sumatra, yamepoa. Bahari ikawa kama mizani iliyolemea upande mmoja. Juu ya maji yenye joto hewa huinuka na mvuke wake, kisha upepo unauleta mvuke huo bara. Mizani ikilemea kule ng'ambo, vuli yetu hukauka na mbuzi wa Baringo huanza kuhesabika mbavu.

Mchezo huu ulielezwa kisayansi mwaka wa 1999, na N. H. Saji na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti Japani. Angalia ni juzi tu! Wazee wetu waliona mafuriko ya 1961, Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na hakuna aliyejua kwamba jiko lilikuwa baharini. Mei 2020 ziwa likaipita hata rekodi ile ya 1964. Waliohama Dunga na Budalang'i hawahitaji mimi niwasimulie.

Na ziwa lenu la Nakuru? Lango kuu la zamani la hifadhi lilimezwa na maji, na heroe wakahamia Bogoria. Sisemi ni bahari peke yake. Milima iliyonyolewa misitu imeteremsha tope, na hilo ni la kwetu wenyewe. Lakini maji ni mvua, na mvua ina kwao.

Kuhusu wakubwa na ndege zao, hapo niko nawe. Kenya iliandaa mkutano mkubwa wa uchumi wa bahari Nairobi mwaka wa 2018 ikishirikiana na Kanada na Japani, kisha 2022 ikaandaa ule wa Umoja wa Mataifa kule Lisbon pamoja na Ureno. Picha tunazo, mifuko ya mkutano tunayo. Swali langu mimi ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: baada ya mkutano, nani anaamka saa kumi na mbili asubuhi kusoma kipimo? Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa sayansi ya bahari. Muongo una asubuhi 3,652. Hotuba ngapi, asubuhi ngapi?

Niko Maseno, mwaka wa nne. Mradi wangu unahitaji data ya joto la Bahari ya Hindi. Jamaa wa saiba anasema atanipatia kwa shilingi elfu kumi na tano. Ni bei nzuri?

Usimlipe hata kumi. Anakuuzia maji ya mto ukiwa umesimama mtoni.

Kuna mpango unaoitwa Argo, ulioanza 1999. Leo kuna karibu maboya 4,000 yanayozunguka katika bahari zote za dunia, na nchi zipatazo 30 zinachangia. Boya la Argo halikai juu kama galani la kuwekea nyavu alama. Linazama lenyewe hadi mita 1,000, linabebwa na mkondo kwa siku kama tisa, linashuka zaidi hadi mita 2,000, kisha linapanda polepole likipima joto na chumvi njia nzima. Likitoka juu linatuma hesabu zake kwa setilaiti, linazama tena. Kila siku kumi, mwaka baada ya mwaka, mpaka betri ife. Na vipimo vyake huwekwa wazi ndani ya saa 24 hivi, kwa profesa wa Tokyo na kwa wewe wa Maseno, bure. Huo ndio moyo wa ushirikiano wenyewe: nchi moja inanunua boya, wote wanasoma.

Sasa, kijana, kuna jambo hukuuliza. Ukichora ramani ya mahali vipimo vilipokuwa vichache kwa miaka mingi, utaona pengo upande wetu, nje ya Somalia. Safu ya maboya ya kutia nanga iitwayo RAMA ilianza kujengwa katika Bahari ya Hindi mwaka wa 2004, na upande wa magharibi ukachelewa kwa sababu meli za utafiti ziliogopa maharamia. Yaani maji yale yale yanayoamua vuli ya Kisumu na Nakuru ndiyo yaliyokosa wa kuyapima vizuri. Kwingine maboya yaliharibiwa na wavuvi, kwa kuwa samaki hupenda kukusanyika chini ya boya na mtu akiwafuata huishia kufunga mashua yake hapo, au kung'oa vyuma. Liandike hilo katika sura ya kwanza ya mradi wako. Msimamizi wako atashtuka.

Na nikwambie kwa nini nalisema kwa uchungu. Shule moja niliyofundisha jiografia, ambayo siitaji, ilikuwa na kipimamvua cha shaba na daftari. Wanafunzi walisoma kipimo kila asubuhi, hata Krismasi, kwa zamu ya wale waliokaa karibu. Miaka kumi na minane ya mvua iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Nikaenda likizo ya uzazi, nikarudi, nikaulizia daftari. Mpishi aliniambia bila hata kuficha: kuni zilikuwa mbichi wiki ile. Kipimamvua kilikuwa jikoni kikipimia mafuta. Data hupotea hivyo, hata maharamia wasipokuja.

Nimeona kwenye simu picha ya boya la manjano la wanasayansi. Nikiliokota hapa Mbita nitalipwa pesa ngapi?

Hilo la Argo huwezi kuliokota Mbita. Ziwa lote, palipo na kina kirefu kabisa, ni kama mita 80. Boya la kuzama mita 2,000 lingegonga matope kabla halijaanza kazi. Ukiona boya lolote la vipimo ziwani, liache lilipo uarifu BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo wako. Betri yake haitawasha redio yako.

Je, ni kweli mkataba mpya wa bahari kuu utawapa wazungu Ziwa Victoria na Migingo?

Mara ya nne. Nimelijibu mara ya nne!

Mkataba huo ulipitishwa New York Juni 2023 na kuanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Unahusu bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote, ambayo kwa kawaida huanza baada ya maili 200 za baharini kutoka pwani, pamoja na sakafu ya bahari isiyo ya nchi yoyote. Unaweka utaratibu wa kutenga maeneo ya hifadhi huko, wa kukagua madhara kabla ya shughuli kubwa kuanza, na wa kugawana faida zinazotokana na viumbe wa huko, tuseme mtu akitengeneza dawa kutokana na sifongo wa kilindini. Kipengele hicho cha mwisho kilipiganiwa na nchi za Afrika, kwa sababu wenye meli na maabara ni wachache na bahari ile ni ya wote.

Ziwa Victoria ni maji ya ndani ya Kenya, Uganda na Tanzania. Migingo ni mgogoro wa majirani wawili, Kenya na Uganda, juu ya kisiwa cha jiwe kilichozungukwa na mbuta. Ukitumiwa tena ujumbe huo kwenye kikundi cha familia, mwambie shemeji yako asome kabla ya kusambaza.

Mwalimu, mimi ni mvuvi Usenge. Aprili hadi Julai tunafungiwa omena, eti sayansi. Baharini meli kubwa za nje zinavua mwaka mzima na wanalipwa na serikali zao. Huo si uonevu?

Ndugu yangu, nusu ya barua yako ni kweli tupu, na nusu nitakukatalia.

Kweli ni hii: nchi tajiri zimekuwa zikizipa meli zao ruzuku ya mafuta na vifaa ziende kuvua mbali, zikamaliza samaki wa wengine. Dunia imechukua zaidi ya miaka ishirini kukubaliana hata mwanzo tu wa kuzizuia. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya ruzuku hizo ulipitishwa Juni 2022 na kuanza kazi Septemba 2025, na hata huo unagusa hasa uvuvi haramu, samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, na uvuvi wa bahari kuu usiosimamiwa na yeyote. Yaliyo magumu yamebaki mezani.

Ninapokukatalia ni hapo uliposema "eti sayansi". Samaki hahesabiwi kwa macho. Tangu 1975 kumekuwa na meli ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa na kuzunguka pwani za nchi kama zetu ikipima samaki kwa mwangwi wa sauti: mlio unatumwa chini, unarudi, na ukubwa wa mwangwi unaeleza kundi lililopo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hapa hapa Bahari ya Hindi. Ya sasa ni meli ya tatu yenye jina hilo. Mbinu hiyo hiyo imetumika Ziwa Victoria, nchi zote tatu zikipima pamoja chini ya shirika la uvuvi la ziwa lenye makao Jinja, lililoundwa 1994. Ndiyo maana tunajua omena wanapungua au wanaongezeka, badala ya kubishana kwenye banda la samaki.

Malalamiko yako yenye uzito ni mengine, na hukuyataja. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa. Tukifunga sisi na jirani asifunge, tumewatunzia wengine kitoweo. Omena hana kitambulisho. Hilo ndilo la kuwauliza mbunge na gavana: msimu huu mmekubaliana nini na Kampala na Dodoma, na karatasi iko wapi? Na wale wenzako wanaovuta nyavu za macho madogo usiku kwenye mdomo wa Mto Yala, samaki wanakotaga, unawajua kwa majina. Usiniambie huwajui.

Tsunami inaweza kufika Kisumu?

Hapana. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Ila nitaongeza. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lililoua watu wapatao 230,000 lilichukua saa nyingi kuvuka bahari, na Kenya ilipata nafasi ya kuwaondoa watu ufuoni. Hapa alikufa mtu mmoja. Somalia, ng'ambo tu ya mpaka, karibu 300. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kuonya. Sasa upo, chini ya tume ya bahari ya UNESCO, na vituo vya Australia, India na Indonesia vinatuma tahadhari kwa nchi zote za ukanda huu.

Wimbi la kuogopwa Kisumu ni la dhoruba ya usiku ziwani. Tahadhari za hali ya hewa kwa wavuvi zipo, na kuna wanaozifuta bila kusoma. Jaketi la kuokolea nalo mnalikalia kama mto.

Binti yangu yuko kidato cha tatu Kakamega, anataka kusomea bahari. Watu wanamcheka.

Wacheke. Ashike fizikia na hesabu, zaidi ya biolojia wanayomsukumia wote. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo hapa Kisumu. Mpeleke likizo akaombe kuangalia. Aelewe pia kwamba setilaiti ya TOPEX/Poseidon, waliyorusha Wamarekani na Wafaransa mwaka wa 1992 ili kupima kimo cha bahari, ilikuwa ikipita juu ya Ziwa Victoria na kulipima nalo, na warithi wake wanaendelea mpaka leo. Kwa hiyo anaweza kuwa mtu wa bahari bila kuhama Lurambi.

Na ajifunze kuogelea. Nimekutana na wataalamu wa maji wawili wasiojua.

Mwalimu, mbona samaki wa baharini hana chumvi ukimla, na anakaa kwenye chumvi maisha yake yote? (Oyugis)

Swali bora la mwezi, na limetoka kwa mtoto wa darasa la sita. Samaki huyo hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi kwa matamvua yake, kutwa kucha. Mwambie mama aweke chumvi kama kawaida.