"Going postal": msemo wa kutotamka kazini Marekani

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kweli watu wa posta huku Marekani ni wakali mpaka Kiingereza kikawatungia msemo, na kama mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaweza kuomba kazi hiyo. La pili ni jepesi: anaweza, si lazima awe raia. La kwanza lina damu ndani yake.

"Going postal" ni kupandwa na hasira hadi kuwageukia wenzako kwa vurugu, hasa kazini. Tarehe 20 Agosti 1986, mjini Edmond, Oklahoma, mgawa barua Patrick Sherrill aliingia na bastola kwenye posta aliyofanyia kazi, akaua wenzake 14, kisha akajiua. Jana yake wakubwa walikuwa wamemkaripia. Novemba 1991, Royal Oak, Michigan, mfanyakazi aliyefukuzwa alirudi akaua wanne. Tarehe 6 Mei 1993 posta mbili zikashambuliwa siku moja, Dearborn, Michigan, na Dana Point, California. Kabla mwaka haujaisha, msemo ulikuwa umeshafika magazetini.

Lakini msemo huo unawaonea watu wa posta. Tume ya Joseph Califano, iliyochunguza usalama wa wafanyakazi wa posta, iliripoti mwaka 2000 kwamba mauaji kazini kwa watu wa posta yalikuwa 0.22 kwa kila wafanyakazi 100,000 kwa mwaka, wakati wastani wa nchi ulikuwa 0.77. Muuza duka yuko hatarini zaidi. Kilicho kweli ni presha: skana, kifaa cha mkononi cha kusomea vifurushi, inaonyesha umesimama wapi na kwa muda gani, na Desemba, vifurushi vikifurika, saa za ziada hazina mjadala.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wageni wanapoumia. Kwetu mtu anamwambia rafiki "leo nitakuua" na wote wanacheka. Ukilisema hilo kwa Kiingereza ghalani, hospitalini au posta, hata kwa utani, msimamizi hatakiwi kukisia ulimaanisha nini, anaripoti. Posta wanaweza kukuondoa zamu papo hapo bila malipo huku uchunguzi ukiendelea, na wana askari wao wa upelelezi. Likifika mahakamani, green card nayo inaingia matatani. Hata ukitaja tu "going postal" mbele ya watu wa posta, jua umegusa msiba wa watu.

Umekasirika? Sema "I'm frustrated about this", sauti ya kawaida, usinyooshe kidole, usisimame mlangoni ukamzibia mtu njia. Ukiitwa kuhojiwa na unahisi kuna adhabu mbele, omba mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kabla ya kujibu. Haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1975, ila lazima uiombe mwenyewe. Bosi halazimiki kukukumbusha. Lalamiko rasmi posta lina siku 14 tangu ulipojua tukio. Wengi huzimaliza wakilalamika WhatsApp, wakifika kwa mwakilishi siku ya 15 anawaambia dirisha limefungwa.