Papadi, kibao na daftari

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kwenye kikundi chetu niliwasifu wanawake wa Lijjat, ule ushirika wa kule India, waliotajirika kwa papadi, vile vichapati vyembamba vikavu. Mwenzangu akanicheka: kumkalisha mwanamke nyumbani na kibao cha kusukumia ni ukombozi gani? Nimjibu nini? – Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo “waliotajirika” lifute. Walianza wanawake 7, mwaka 1959, juu ya paa la jengo moja la Girgaum, Mumbai, kwa mkopo wa rupia 80. Leo wamepita 40,000, na kila mmoja ni mwenye mali, si kibarua. Mwanamume huajiriwa tu, uanachama hapati. Hapo mwenzio hakutazama.

Nilipompeleka marehemu mama Mumbai kwa matibabu, jirani yetu alikuwa mmoja wao. Asubuhi anafuata donge la unga wa choroko nyeusi, lenye pilipili manga na mvuje. Akirudi anakaa sakafuni, anasukuma mpaka papadi karibu uone kiganja kwa upande wa pili, kisha anazianika. Kesho yake anazirudisha, zinapimwa, analipwa mkononi. Mumewe nauli alikuwa akiomba kwake! (Nilicheka kimoyomoyo.)

Ila mwenzio ana hoja pia. Yule dada mgongo ulimuuma kila jioni, na chakula bado alipika yeye, vyombo akaosha yeye.

Kwa hiyo usibishane habari za kibao. Muulize: kwenye kikundi chenu, daftari la pesa anashika nani?