Seli shina kwenye fizi zangu zipo kweli? Mbona hazijengi?

SWALI: Shikamoo daktari. Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, sasa ni kama miaka mitatu. Juzi nimekwanguliwa ukoga nikaambiwa mfupa unaoshika meno umeshaanza kuliwa. Nimesoma kwamba kuna seli shina huko chini zinazoweza kujenga upya, sasa zangu mbona zimekaa tu?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Zipo kabisa. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna tabaka la nyuzi, unene wake kama milimita 0.2 tu, ndo linaloshika jino, na mwaka 2004 watafiti walitoa seli shina humo kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, afu 2009 zikapatikana hata kwenye nyama ya fizi yenyewe.

Na zako hazijakaa tu, zinahangaika. Bakteria wakijificha chini ya fizi mwili unamwaga kemikali za kupigana nao, TNF na wenzake, na zikimwagwa siku chache ni vizuri maana ndo zinaita seli za kuponya zije kwenye kidonda, ila zikimwagwa miaka mitatu mfululizo seli shina zinapoteza mwelekeo na seli zinazokula mfupa ndo zinachangamka. Maabara wanalionyesha hivi: wanazilea kwenye sahani, wanazipa chakula cha kuzifanya zijenge mfupa, afu wanamwagia rangi nyekundu inayoshika chokaa. Seli za fizi nzima sahani inakolea nyekundu, za fizi zilizougua unaona madoa machache tu, na wakati mwingine hizo zilizougua ndo zinazaliana kwa kasi zaidi! Yani wingi upo, ujenzi hamna.

Kuna na shida ya pili ambayo mi naona haisemwi vya kutosha. Ukishakwanguliwa, ngozi ya fizi inateremka haraka kwenye mzizi na kuufunika kabla seli za zile nyuzi hazijafika, kwa hiyo mfuko, yani ule mwanya kati ya fizi na jino, unafunga lakini nyuzi na mfupa havirudi vyote. Ndo maana kwenye baadhi ya mashimo ya mfupa ulioliwa daktari anafanya upasuaji na kuweka kiwambo cha kuizuia ngozi ili nyuzi zipate nafasi.

Kuhusu kupandikizwa seli shina, bado iko kwenye majaribio, na anayekuuzia leo kama tiba ya kawaida usimpe hela yako. Hata hizo ukiziweka kwenye fizi iliyovimba zitakutana na kemikali zile zile. Uvimbe uishe kwanza: safisha katikati ya meno kila siku, kama una sukari idhibiti, kama unavuta sigara acha, tena sigara inapunguza damu kutoka kwa hiyo mvutaji anajiona mzima kumbe mfupa unaendelea kwisha.

Baada ya kama miezi mitatu rudi upimwe tena kina cha mifuko, jino kwa jino, uombe namba zako uandikiwe. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni nzuri, ikibaki 5 au 6 ndo uulizie habari ya kiwambo.