Mbona wimbo umeandikwa hivi?

SWALI: Kwaya yetu hapa Dublin imepewa nyimbo mbili za Krismasi za Kiairishi, "Oíche Chiúin" na "Don Oíche Úd i mBeithil". Tunasoma kama ilivyoandikwa, lakini wenyeji wanacheka. Tunakosea wapi?
Mwanakwaya, Dublin

JIBU: Kosa kubwa, nadhani, ni hiyo "mB". Mswahili akiiona anasema mb ya "mbuzi". Kwa Kiairishi m imeifunika b, na b haisikiki kabisa. Halafu "th" ni h tu. Kwa hiyo "i mBeithil" (Bethlehemu) ni "i Mehil".

"Oíche Chiúin" ndiyo "Usiku Mtakatifu" mnaoujua: "ii-he hyuun". Msiongeze irabu mwishoni. Ulimi wetu unapenda kuimalizia "hyuuni". Alama juu ya í na ú inarefusha irabu, basi noti ndefu iegemee hapo.

Wimbo wa pili jaribuni kwanza bila kinanda. Uimbaji wao wa jadi, sean-nós (tamka "shan-noos"), ni wa sauti moja isiyosindikizwa, na mwimbaji hupinda noti kufuata maneno. Kinanda kikipiga mapigo sawasawa, urembo huo unapotea. Pumueni mwisho wa mstari, si katikati ya neno.